Tamarack Imeuzwa

Habari ilifika Jumanne, na theluji ya Jumanne,
karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa Lorna Beaudette.
Aliiweka mezani pangu, kati ya kahawa na chambo,
kama mtu anayeweka samaki asiyejua kama ameoza.
"Wameiuza," akasema. Alivua glavu moja tu.

Mimi nauza petroli kando ya ziwa, kaskazini mwa Michigan,
na kwangu pikipiki zote za theluji zina kiu moja:
za chungwa za Tamarack, za bluu za Hadley,
zinakunywa, zinakohoa, zinaondoka.
Lakini usiseme hivyo mbele ya Reino Kangas.

Reino ana Tamarack nne ghalani, mbili hazina injini.
Kofia ya chungwa, skafu ya chungwa, hata mbwa
kavishwa ukanda wa chungwa shingoni, na mbwa hakuulizwa.
Baba yake alizikwa na plagi mfukoni.
"Aliyenunua ni nani?"
"Watu wa mashine za kukatia nyasi."
Nyasi!
Nje kulikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Wakaanza.
Duane akasema afadhali, kiwanda kilikuwa kinakufa kwa kiburi,
miaka kumi wanabandika stika mpya ubavuni
na kuziita pikipiki mpya;
mgema tulimsifu wenyewe, sasa tunalalamikia maji.
Tanner, mpwa wa Reino, miaka kumi na tisa,
akasema zijazo zitakuwa za umeme,
hazina moshi, hazina kelele, utamsikia kulungu akikanyaga.
"Na betri ikizimika ndani ya misonobari, kilomita arobaini,
utasikia nini? Utasikia meno yako."
Mtu akagonga meza. Mtu akataja mkanda uliokatika mwaka wa tisini na nne
kwa sauti ile watu wanayotajia msiba.
Nikajaza vikombe. Hakuna aliyelipa.

Ndipo Duane, kwa ubaya au kwa kupitiwa,
akauliza ni ya nani ile ya bluu nyuma ya duka,
iliyofunikwa turubai.
Tanner akatazama viatu vyake.
"Kipya kinyemi," Reino akasema,
na ile nusu ya kidonda akaenda nayo nje,
kahawa yake ikabaki ikitoa mvuke.

Jumamosi Tamarack ya Reino ikanyamaza katikati ya ziwa.
Niliona kwa darubini: doa la chungwa lisilosogea,
na doa la bluu likilizunguka mara mbili, polepole,
kama anayepiga hodi kwenye nyumba aliyogombana nayo.
Kisha kamba. Kisha safari.
Mita mia mbili kabla ya pampu yangu,
nyuma ya kibanda cha wavuvi wa barafu,
Reino akaifungua kamba ile
akaisukuma mwenyewe, kilo mia mbili na hamsini,
theluji magotini, akaingia akihema:
"Iliishiwa petroli tu."
Tangi lilikuwa limejaa. Nililijaza mimi, asubuhi ile.
Nikamuuzia lita moja. Yote ikamwagika chini.
Hakuna aliyesema kitu.

Lorna ndiye aliyeinua kiti kutafuta ubovu;
miaka ishirini na miwili amekaza skrubu kiwandani,
mkono wake unajua njia gizani.
Akamulika tochi, akanyamaza.
Chini ya sponji, kwenye plastiki,
L ndogo, imekwaruzwa kwa bisibisi.
"Hii ni yangu. Zamu ya usiku. Nilikuwa na mimba ya Corinne."

Reino akainama, akatazama muda mrefu.
Miaka kumi na minane ameikalia herufi ile
akidhani amekalia kampuni.

"Hao wa nyasi," akauliza mwishowe, "watakubakisha?"
"Hawajasema."

Nje, Tanner alikuwa anaikunja kamba,
pole pole, duara juu ya duara,
akaiweka mahali ambapo mkono utaifikia.